Paa Limehesabiwa, Saa Hazikuhesabiwa

Kuna hoja inayopita kwenye vikao vya halmashauri, ofisi za wakuu wa taasisi na meza za wafadhili bila kuulizwa swali hata moja. Ni fupi, na ufupi wake ndio umeipa nguvu: taasisi hufanya kazi mchana, jua nalo huwaka mchana, kwa hiyo paa likijazwa paneli za sola bili ya TANESCO itajifia yenyewe. Kinachobaki ni kupima ukubwa wa paa, kutafuta fedha na kumwita mgeni rasmi akate utepe.

Mkoani Songwe hoja hii imekuta udongo wenye rutuba. Mkoa ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na tangu hapo haujaacha kujenga: ofisi za mkoa na hospitali ya rufaa Vwawa, majengo ya halmashauri Momba na Ileje, shule za bweni, vituo vya afya, na pale Tunduma kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa 2019. Kila jengo jipya lina paa la bati linalong'aa, na kila paa linalong'aa lina mtu anayelitazama kwa jicho la zabuni.

Kabla ya kuivunja hoja hiyo, tuipe haki yake. Bei ya paneli duniani imeporomoka. Songwe iko nyanda za juu, ambako jua ni kali na hewa ni baridi, na paneli hupenda baridi: kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25 kwenye paneli hupunguza nguvu yake kwa takribani asilimia 0.3 hadi 0.4. Mkoa uko mkiani mwa gridi, ndiyo maana unahusika na mradi wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga. Tena mwaka 2024 watu wa Tunduma walijionea jinsi Zambia, ng'ambo tu ya mpaka, ilivyokaa gizani saa nyingi kwa siku baada ya ukame kulishusha Bwawa la Kariba. Mtu anayetaka taasisi yake ijitegemee kwa umeme ana sababu, na sababu zake ni nzito.

Yote hayo ni kweli. Kosa limejificha katikati ya sentensi, pale mchana wa jua unapochukuliwa kuwa ndio mchana wa taasisi. Hapo ndipo fedha za umma huvuja, na zinavuja kimyakimya kwa sababu paneli inayozalisha umeme usiotumika haipigi kelele, haitoi moshi wala haiwashi taa nyekundu. Inang'aa tu.

1. Jua la Tunduma halifuati saa ya Serikali

Tuanze na jambo ambalo halimo kwenye andiko lolote la mauzo: saa. Tunduma iko karibu nyuzi 32.8 mashariki. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye mstari wa nyuzi 45, ule unaopita karibu na Mogadishu. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Fanya hesabu na utaona kwamba jua la Tunduma halifiki kilele saa sita kamili mchana, bali wastani wa saa sita na dakika 49. Novemba huwahi kidogo, likafika kilele kama saa sita na nusu. Februari huchelewa hadi saa saba na dakika chache.

Sasa weka kando ya hilo saa za kazi za Serikali: kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Katikati ya siku ya mtumishi ni saa tano na nusu. Katikati ya siku ya jua ni karibu saa saba. Wawili hao wanapishana kwa wastani wa saa moja na zaidi ya robo, mwaka mzima. Mtumishi anapofunga mlango wa ofisi, jua limepita kilele chake kwa wastani wa saa mbili na dakika 40 tu. Siku ya anga jeupe, takribani sehemu moja ya sita ya umeme wote wa siku hiyo huzalishwa baada ya mlango kufungwa.

Anayedhani haya ni mambo ya wanajimu avuke mpaka. Nakonde, upande wa Zambia, wanatumia saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja, na ofisi zao za umma hufanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kwao, kwa wastani, jua hufika kilele kabla ya saa sita, na alasiri yao ya kazi ni ndefu. Majengo mawili yanayotazamana, jua moja, mawingu yaleyale, lakini la Tanzania linataka paneli zinazoegemea asubuhi na la Zambia linataka zinazoegemea alasiri. Mkandarasi anayefunga mchoro mmoja pande zote mbili hajafanya kazi ya uhandisi. Amefanya kazi ya usafirishaji.

Na mchoro wenyewe ukoje? Paneli zote zinaelekezwa kaskazini kwa mwinamo mmoja, maana hapo ndipo jumla ya uniti kwa mwaka huwa kubwa zaidi. Ni jibu sahihi la swali ambalo hakuna aliyepaswa kuliuliza. Karibu na Ikweta, kwenye mwinamo mdogo wa nyuzi kumi hivi, paneli inayotazama mashariki hupoteza asilimia chache tu za uzalishaji wa mwaka, lakini huuleta umeme mapema, wakati kompyuta zinawashwa na maabara inafunguliwa. Hakuna anayeipendekeza. Zabuni hushindaniwa kwa idadi ya kilowati na jumla ya uniti. Saa ambayo uniti hizo zitafika haimpi mtu alama.

2. Jua halina Jumamosi

Ofisi hufanya kazi siku tano kati ya saba. Jua hufanya kazi saba. Chukua tano ya saba, izidishe kwa ile tano ya sita ya umeme unaokuja kabla mlango haujafungwa, utapata 25 kati ya 42: chini kidogo ya asilimia 60. Hiyo ndiyo dari, na bado hatujaondoa sikukuu, mapumziko ya chakula, siku ambazo nusu ya watumishi wako safarini, na adhuhuri za Julai ambapo Vwawa ni baridi na hakuna anayewaza kuwasha feni. Seva na majokofu machache vitakula kidogo mwisho wa juma. Kinachobaki ni jua linaloangukia milango iliyofungwa.

Shule ya kutwa ina hali mbaya zaidi. Kalenda ina siku 194 za masomo kati ya 365. Likizo ndefu ya katikati ya mwaka huanza Juni, kiangazi kikiwa kimetulia na anga halina wingu. Tumejenga mtambo unaofanya kazi vizuri kabisa wakati hakuna mwanafunzi.

Tuambiwe basi kwamba shule ya bweni ni tofauti, kwa kuwa watoto wapo hapo hapo. Wapo, ndiyo, lakini tuwafuate kwa saa. Wanaamka alfajiri, kabla ya jua, taa zinawaka. Mchana wako madarasani, na darasa lililojengwa vizuri linapata mwanga dirishani. Jua likiwa utosini, matumizi ya umeme ya shule nzima ni pampu, mashine moja ya kudurufu na kompyuta za maabara, kama zinatumika. Saa moja jioni wanaingia kujisomea na kila taa inawaka hadi usiku. Shule ya bweni hutumia umeme kwenye ncha mbili za siku, na jua huuleta katikati. Kuifunga shule hiyo paneli bila kubadilisha chochote kingine ni kumpelekea mtu mwavuli mvua ikiwa imeshakatika.

Hili linaeleza pia kwa nini uzinduzi wa miradi hii hufanyika saa nne asubuhi. Sijawahi kusikia mgeni rasmi aliyealikwa kuzindua sola ya bweni saa mbili usiku.

3. Uniti iliyookolewa na shilingi iliyookolewa ni vitu viwili

Hapa ndipo mauzo huwa matamu zaidi, na hapa ndipo mhasibu wa taasisi anapaswa kukaa mbele. Kwa bei zilizoidhinishwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016, mteja wa matumizi ya kawaida, yule wa kundi la T1, hulipa Sh 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Taasisi inayovuka uniti 7,500 kwa mwezi huingia T2, ambako uniti ni Sh 195, lakini juu yake kuna malipo ya Sh 15,004 kwa kila KVA ya kilele cha mwezi. Yaani TANESCO hupima mara mbili: umetumia kiasi gani kwa jumla, na ule wakati mmoja uliotumia kwa nguvu zaidi, ulivuta kiasi gani.

Mwenye kuuza sola huzungumzia kipimo cha kwanza tu. Kwa kipimo cha pili, paneli inaweza isikuokoe hata senti. Hospitali yenye kilele cha KVA 100 hulipa zaidi ya Sh milioni 1.5 kwa mwezi kwa ajili ya kilele pekee. Kilele hicho kikitokea saa mbili usiku, taa za wodi, mashine za oksijeni na pasi za nyumba za watumishi zikiwa kazini kwa pamoja, paneli zimelala. Na kikitokea mchana, wingu zito moja la Januari likikaa juu ya Vwawa wakati mashine zote zimewashwa, kilele kitarudi mahali pake na kitalipiwa kwa mwezi mzima. Siku nyingine 30 za jua kali hazitakusaidia.

Tufanye mfano wa karatasi. Ofisi iliyo kwenye T2 inafungiwa kilowati 50 za paneli. Kilowati moja, kwa wastani wa mwaka, tuipe uniti nne na nusu kwa siku. Jumla ni uniti 82,125 kwa mwaka. Muuzaji atazidisha kwa Sh 292, apate karibu Sh milioni 24, na kwa hesabu hiyo mkopo utalipika upesi na wajumbe watapiga makofi. Lakini ofisi itatumia si zaidi ya asilimia 60 ya umeme huo, na kila uniti itaokoa Sh 195, kwa sababu ndiyo bei inayolipa. Hesabu ya pili inatoa Sh milioni 9.6. Mtambo ni uleule, paa ni lilelile, jua ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba mtu amesoma bili.

Na mtu huyo hahitaji shahada. Bili ya T2 imeandikwa wazi: uniti zake, KVA zake. Ajabu ni jinsi andiko la mradi linavyoweza kutoka kwa mshauri hadi kwa mfadhili, kutoka kwa mfadhili hadi kwenye baraza la madiwani, bila karatasi hiyo moja kuambatishwa.

4. Umeme ukikatika, sola nayo hukatika

Muulize mwananchi kwa nini hospitali inahitaji sola. Atakujibu bila kusita: kwa sababu umeme hukatika. Jibu zuri. Sasa muulize mkandarasi ni aina gani ya inveta aliyoiweka kwenye bei ya chini kuliko wote.

Inveta ya kawaida inayofungwa sambamba na gridi, bila betri, imeundwa kujizima mara gridi inapozimika. Sababu ni ya uhai wa watu: fundi wa TANESCO anayepanda nguzo akijua laini haina umeme asije akauawa na umeme unaotoka kwenye paa la taasisi. Sharti hilo ni la lazima na ni la haki. Maana yake ni kwamba umeme ukikatika saa saba mchana, jua likiwa utosini na paneli zikiwa zinang'aa, chumba cha upasuaji kitakuwa gizani kama cha jirani asiye na paneli hata moja. Kila mtu atakimbilia jenereta.

Jenereta nayo haipatani na sola kwa kuwekwa tu jengo moja. Sola ikiibebea mzigo mwingi, injini ya dizeli itazunguka ikiwa karibu tupu, na dizeli inayofanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake kwa muda mrefu huchafuka ndani, hula mafuta ovyo na hufa mapema. Ili viwili hivyo viishi pamoja kunahitajika kifaa cha kuvisimamia. Kifaa hicho hugharimu fedha. Kwa hiyo, katika zabuni ya bei ya chini, hakimo.

Matokeo yake taasisi inalipia vitu vitatu, yaani gridi, jenereta na sola, halafu inapata usalama wa kimoja. Aliyeahidiwa kinga dhidi ya kukatika kwa umeme ameuziwa punguzo la bili, na punguzo lenyewe, kama tulivyoona, ni dogo kuliko lililoandikwa.

5. "Ziada tutaiuza"

Wenye hoja wanapobanwa na Jumamosi, hukimbilia hapa. Umeme usiotumika utarudi kwenye gridi na taasisi italipwa. Na hapa, tuseme kweli, wana hoja yao yenye nguvu zaidi. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Mahitaji ya taifa hupanda jioni. Kila uniti ya jua inayoingia kwenye gridi mchana inaweza kuyaacha maji bwawani yasubiri saa mbili usiku. Tena mwisho wa kiangazi, maji yanapopungua, ndipo jua linapokuwa kali zaidi. Kwa taifa, viwili hivyo vinapendana.

Lakini taasisi hailipwi na upendo. Inalipwa na mkataba na mita. Mita nyingi za malipo kabla, LUKU zikiwemo, hazikuundwa kupokea umeme unaorudi: nyingine huuhesabu kana kwamba umetumika, nyingine hujifunga zikidhani kuna mtu anaichezea mita. Ndiyo maana mafundi waangalifu huweka kifaa cha kuzuia ziada isitoke nje, na ziada hiyo hupotea palepale juu ya paa. Taasisi iliyojumlisha mapato ya mauzo kwenye andiko lake bila kuwa na mkataba wa mauzo mkononi imejumlisha ndoto.

Tazama pia wanakoelekea waliotutangulia. Kenya, katika kanuni zake za 2024, humrudishia mteja nusu tu ya uniti anazoingiza kwenye gridi. California, iliyowahi kuwa paradiso ya sola za paani, Aprili 2023 ilipunguza sana thamani ya umeme unaorudishwa na wateja wapya. Sababu ni moja kila mahali: umeme wa adhuhuri ukiwa mwingi, hauna mnunuzi mwenye shida. Mwenye shida ni yule wa jioni. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na shirika la umeme halitakuwa la kwanza duniani kununua ghali kitu kinachopatikana kwa wingi saa ileile.

6. "Betri zimeshuka bei"

Zimeshuka, na zitashuka tena. Betri ya lithiamu ya leo inaweza kuishi miaka kumi na zaidi, wakati zile za risasi na asidi tulizozoea huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano. Kwa hiyo, tunaambiwa, tatizo la saa limekwisha: hifadhi mchana, tumia usiku.

Kwa shule ya bweni na wodi ya wazazi, sawa, kwa kiasi kilichopimwa. Lakini betri haiponyi ugonjwa wa ofisi. Ziada ya ofisi yetu ya mfano kwa Jumamosi na Jumapili ni kama uniti 450. Betri ya kuibeba yote hadi Jumatatu ingejaa mara moja kwa juma, mara 52 kwa mwaka. Kifaa kilichoundwa kujazwa na kumwagwa mara elfu kadhaa kitazeeka kwa umri kikiwa hakijafanya kazi. Na ziada ya likizo ya Juni hakuna betri ya kuibeba hadi Julai, labda tununue betri kubwa kuliko shule.

Kisha kuna gharama ambayo haina mfadhili. Fedha za kununua mtambo hutoka kwenye mradi. Fedha za kubadilisha betri zinatakiwa zitoke kwenye matumizi ya kawaida, lile fungu ambalo mwezi wa tatu wa mwaka wa fedha tayari linagombaniwa na dizeli, shajala na posho. Zahanati ngapi za vijijini zilifungiwa sola ya zamani, betri zikafa, na leo paneli ziko juu ya paa kama ushahidi tu? Anayeishi mikoa hii ya kusini magharibi hahitaji utafiti. Anahitaji kuinua macho.

7. Kazi iende kwa jua

Mkulima wa kahawa wa Mbozi hajawahi kununua betri. Jua likiwapo anaanika, likizama anakusanya, na msimu wake wa kuanika unaangukia kiangazi. Ameipanga kazi yake kwa jua. Taasisi zetu zinafanya kinyume: zinaacha kazi ilale palepale ilipokuwa, kisha zinamlipa mkandarasi alisukume jua liifuate.

Mpangilio unaofaa huanza na kazi. Tunduma ni mji ambao kilio chake cha miaka mingi ni maji. Pampu haijali kama maji yamepanda tangini saa saba mchana au saa saba usiku, na tangi lililojaa halichakai baada ya miaka mitano. Hospitali inaweza kufua mashuka, kutakasa vifaa kwa mvuke na kujaza mitungi ya oksijeni, pale penye mtambo wake, kati ya saa nne na saa tisa. Majokofu ya chanjo yanayoendeshwa na jua moja kwa moja yameshaonyesha njia: mchana hugandisha barafu, usiku barafu hulinda chanjo, na betri haipo.

Jambo kubwa zaidi ni jiko. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Maharage ya chakula cha mchana cha shule ya bweni hupikwa saa zilezile jua linapopanda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Majungu makubwa ya umeme yanayopika kwa mgandamizo yangeigeuza shule ile ile tuliyosema haipatani na jua kuwa mteja wake bora. Lakini fungu la sola liko idara moja, fungu la nishati safi ya kupikia liko idara nyingine, na idara hizo mbili hukutana kwenye Mei Mosi.

Kuna pia swali la nani afungiwe kwanza. Halmashauri moja inamiliki ofisi, kituo cha afya na shule. Kilowati moja juu ya kituo cha afya hufanya kazi siku saba. Juu ya ofisi ya mkurugenzi hufanya kazi siku tano, na huondoka saa tisa na nusu. Ni fedha ileile. Lakini ofisi iko kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, ambako wageni hupita, na kituo cha afya kiko bondeni. Mnaweza kukisia paneli zitang'aa wapi.

Atakayesema makala haya yanapinga sola hajasoma. Yanapinga sola iliyonunuliwa kwa mita za mraba. Kabla ya kusaini chochote, taasisi ikodi kipimo cha kurekodi matumizi kwa majuma manne, muhula ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, iambatishe bili za KVA za mwaka mzima, na iandike kwenye zabuni saa inazotaka umeme, si jumla ya uniti pekee. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na mtambo wenye paneli zinazodhaminiwa miaka 25.

Na nyinyi madiwani, wakuu wa shule na waganga wafawidhi wa Songwe, mkandarasi akija na picha nzuri za paa, mwulizeni swali moja: jengo hili linatumia kilowati ngapi Jumapili saa saba mchana? Akiwa na jibu lililopimwa, mpeni kiti azungumze. Kama hana, mwambieni ashushe ngazi yake akapime kwanza.